Kabla ya rangi, shasi ikaguliwe

Lori likipandishwa juu ya magogo katika garaji ya kata ya Songo, mjini Uvira, chombo cha kwanza anachokishika fundi mzoefu ni nyundo ndogo. Analala chali chini ya gari, juu ya kipande cha katoni, na kuanza kugonga shasi kutoka mbele kwenda nyuma huku akisikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti nzito, kama bati lililojaa mchanga, kisha vigamba vyekundu huanza kumwangukia fundi usoni. Mara nyingine nyundo huzama na kutokea upande wa pili.

Mazungumzo yenye uzito kati ya fundi na mwenye gari huanzia hapo.

“Patroni, hapa si pa kupiga rangi. Hapa ni pa kukata.”

“Fundi, funga tu. Gari linapakia kesho.”

Katika sentensi hizo mbili fupi, zinazosemwa kwa namna moja au nyingine katika garaji zote za mji, usalama wa watu wanaosafiri kwenye barabara ya taifa nambari 5 huwa umekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa. Polisi wa barabarani watakaolisimamisha lori hilo keshokutwa wataangalia hati. Abiria atakayekaa juu ya magunia ataangalia kama kuna nafasi. Hakuna atakayelala chini tena na nyundo, na hata kama angelala, atakuta rangi nyeusi inayong’aa.

Shasi ni uti wa mgongo wa gari kubwa. Ni mihimili miwili mirefu ya chuma iliyokunjwa kama herufi C, ikishikamanishwa na mingine mifupi inayokatisha katikati. Injini, kabini, springi, tangi la mafuta na bodi vyote vimefungwa juu yake. Mzigo unapoikandamiza, ukingo wa juu wa mhimili hubanwa na ukingo wa chini huvutwa. Ukuta wa katikati hupata taabu kidogo zaidi. Ndiyo maana tundu la kutu katikati ya ukuta na ufa kwenye ukingo wa chini ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa kwa macho ya mwenye gari tundu ndilo linalotisha na ufa unaonekana kama mkwaruzo. Mafundi wanajua. Wengi wa wenye magari hawajui, au hawataki kujua.

Kutu hii inatoka wapi, wakati Tanganyika ni ziwa la maji baridi yasiyo na chumvi ya bahari? Sehemu yake huja na gari lenyewe. Malori mengi ya Uvira ni mitumba kutoka Japani na Ulaya, na katika nchi zenye theluji barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hurushwa na magurudumu, ikaingia ndani ya mihimili na kukaa. Lori linaposhushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa likiwa limeoshwa na kupigwa rangi, tayari lina ugonjwa wa miaka kumi tumboni.

Uvira nayo huongeza yake. Tope la bonde la Ruzizi hushikilia unyevu kwenye pembe za shasi kwa majuma. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe na mito mingine inayoshuka kutoka milimani ilifurika na kuua watu kadhaa, ikabomoa nyumba na kuharibu madaraja. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe lilipanda, likaingia bandarini Kalundu na katika mitaa ya kando. Malori yaliendelea kupita humo humo majini, kwa sababu chakula cha mji hakingeweza kungoja maji yashuke. Kisha kuna mizigo. Chumvi ya Uvinza imekuwa ikiuzwa pande zote za ziwa hili kwa karne nyingi, na gunia la chumvi lililopigwa na mvua hudondosha maji yake moja kwa moja juu ya shasi. Samaki waliokaushwa kwa chumvi hufanya vivyo hivyo. Konvuayeri anayefagia bodi baada ya kushusha mzigo hafagii kule chini.

Mahali pabaya kuliko pote ni pale ambapo mtengenezaji aliweka mihimili miwili, mmoja ndani ya mwingine, ili kuongeza nguvu. Maji huingia katikati ya vyuma hivyo viwili na hayatoki. Kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo ikikua huvisukuma vyuma hivyo mpaka vikaachana na ribiti zikakatika. Kwa nje mhimili unaonekana umevimba kidogo tu. Kwa ndani umekwisha.

Ziwa hili hili limewahi kutoa somo la kinyume chake. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha wahandisi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, miaka 8 baadaye, na mitambo ikafufuliwa. Tangu 1927 meli hiyo inaitwa Liemba, na imebeba vizazi vya wasafiri wa Kigoma na bandari za kusini. Kilichoiokoa ni kazi ya siku chache iliyofanywa na watu walioshindwa vita. Lori la Uvira, ambalo halijazamishwa na mtu, aghalabu halipati grisi hiyo.

Basi shasi imeoza. Je, ichomelewe au itupwe?

Wapo wanaosema itupwe. Ni jibu rahisi kwa mtu asiyekuwa na lori. Marekani, mwaka 2016, kampuni ya Toyota ilikubali suluhu ya kesi kuhusu fremu za magari yake aina ya Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zikiliwa na kutu. Suluhu hiyo iligusa magari yapatayo milioni 1.5 na thamani yake ilikadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Gari lililokutwa limeoza kupita kiasi lilistahili kubadilishiwa fremu nzima, bila mwenye gari kutoa senti. Mwenye Fuso wa Songo hana wa kumshitaki. Alilinunua gari kwa mkono wa tatu au wa nne, kwa mkopo wa ndugu na likilemba, na kampuni iliyolitengeneza haijui kama gari hilo bado lipo duniani. Shasi nzima ya kubadilisha, ikipatikana, itatolewa kwenye gari jingine bovu, ambalo nalo lina kutu yake.

Kwa hiyo kuchomelea kutaendelea, na si jambo la aibu. Kazi hiyo, ambayo watu wa Uvira wanaiita kusude, ndiyo inayoufanya mji ule. Mihogo na mchele wa bonde, saruji, mafuta ya kula na bia kwenda Baraka na Fizi, vyote husafiri juu ya shasi iliyowahi kupita chini ya mwanga wa bageti. Kuwaambia mafundi waache ni kuuambia mji ufunge soko. Swali linalostahili kuulizwa na wakuu wa mji na wa jimbo ni jinsi kazi inavyofanywa, na nani anaiangalia kabla haijafunikwa.

Kazi nzuri ina utaratibu unaojulikana, na mafundi wazuri wa Uvira wanaufuata wanapopewa nafasi. Gari hushushwa mzigo wote na kusawazishwa kwa jeki na magogo, kwa maana shasi ikichomelewa ikiwa imejipinda itabaki imejipinda. Betri hufunguliwa. Tangi la mafuta hushushwa na kupelekwa mbali, mabomba ya hewa ya breki na nyaya hutolewa njiani. Waya wa masi hubanwa karibu kabisa na mahali pa kazi. Fundi mvivu akiubana kwenye gurudumu, umeme utapita ndani ya beringi na kuzitafuna, na mwenye gari atashangaa baada ya mwezi kwa nini gurudumu linalia.

Kisha hufuata sehemu inayochukua muda mrefu na isiyolipwa: kusafisha. Kutu husagwa mpaka chuma cheupe kionekane, na kusagwa huko huvuka mahali panapoonekana pamekufa, kwa sababu chuma kilicho kando ya tundu mara nyingi kimebaki chembamba kama mfuniko wa kopo. Kuchomelea juu ya kutu ni kuchomelea juu ya uchafu. Kiungo hujaa matundu kama mkate. Penye ufa, fundi hutoboa kitundu mwishoni mwake ili usiendelee kutembea, halafu huchimba mfereji wenye umbo la V ili chuma kipya kifike chini kabisa, si juu juu.

Halafu kiraka. Mtu asiyejua hukata kipande cha mraba na kukizungushia mstari mnene wa kuchomelea, ukiwemo mmoja unaokata shasi wima kutoka ukingo wa juu mpaka wa chini. Kwa macho kinapendeza. Lakini mstari huo wa wima umeunguza chuma katika mstari mmoja, na mzigo wote sasa unajikusanya pale pale. Madereva wanalijua tukio hilo vizuri: gari huvunjika pembeni mwa kiraka, kiraka chenyewe kikiwa kizima. Kiraka sahihi hukatwa ncha zake kwa mshazari, unene wake hauzidi ule wa shasi, na mistari mirefu ya kuchomelea hufuata urefu wa mhimili. Vitabu vya watengenezaji wengi wa malori husisitiza jambo moja kuliko mengine yote, kwamba kingo za juu na za chini zisiguswe kwa moto wala kutobolewa ovyo, kwani chuma chake ni kigumu na joto huidhoofisha nguvu yake. Chuma huachwa kipoe polepole. Kumwagia maji ili kazi iishe upesi ni kukitengenezea ufa.

Bageti nazo zina hadithi yake. Zinazopatikana kwa urahisi ni aina ya 6013; huwaka haraka hata kwenye mashine ndogo iliyofungwa nyaya na fundi mwenyewe, na kwa milango, madirisha na vitanda zinatosha kabisa. Kwa chuma cha shasi wanaoijua kazi hupendelea 7018. Tatizo ni kwamba 7018 inataka ukavu. Ikifyonza unyevu huingiza hidrojeni katika kiungo, na kiungo hicho huweza kupasuka ndani kwa ndani saa au siku kadhaa baadaye, gari likiwa limekwisha kwenda. Sasa fikiria paketi iliyofunguliwa kando ya ziwa, msimu wa mvua, bageti zikiuzwa moja moja kutoka kwenye beseni. Fundi anayenunua mbili kwa sababu mwenye gari ametoa pesa ya mbili hana namna ya kujua zimekaa hewani muda gani.

Umeme hauna huruma pia. Laini ya SNEL kutoka mitambo ya Ruzizi ikishuka nguvu, na hushuka hasa jioni wakati kila mtu anapika na kuwasha taa, moto wa bageti hufifia na chuma hulala juu ya chuma badala ya kuingia ndani yake. Mwenye jenereta huendelea. Asiye nayo hukatiza kazi, na kesho yake huunganisha mstari wa leo na wa jana. Kwenye lango la nyumba tofauti haitaonekana kamwe.

Kisha kuna vyuma vinavyotumika kama viraka. Hapa inabidi kusema wazi, maana mazoea haya yanaua. Vipo viraka vya nondo za ujenzi zilizolazwa ndani ya shasi na kuchomelewa kama mifupa. Vipo vya majani ya springi za zamani, kwa imani kwamba springi ni ngumu, hivyo itaimarisha. Ugumu wa springi ndio ubaya wake: ina kaboni nyingi, na ikichomelewa bila kupashwa moto inavyotakiwa hukakamaa pembeni mwa kiungo na kukatika kama kioo. Fundi anayefanya hivyo mara nyingi si mjinga. Ameambiwa aokoe siku, akaangalia rundo la vyuma vikuukuu nyuma ya garaji, akachukua kinachofanana na nguvu.

Kinachofuata ni rangi. Ndani ya saa moja hakuna awezaye kutofautisha kazi ya siku tatu na kazi ya jioni moja.

Gharama ya tofauti hiyo hailipwi na aliyetoa amri ya kufunga tu. Kwenye barabara za Kivu Kusini lori la mizigo ni basi pia. Akina mama wafanyabiashara hukaa juu ya magunia yao, kwa sababu wakishuka mzigo utapungua njiani, na vijana huning’inia nyuma. Kutoka Uvira kwenda Kamanyola barabara ni ya tambarare na huvumilia mengi. Lakini anayeendelea Bukavu lazima apande mteremko wa Ngomo, na anayerudi lazima aushuke. Mlima huo hausamehi shasi inayojikunja, kwa sababu shasi ikijikunja ekseli huvutwa kando, bomba la breki hukatika, na dereva hubaki na usukani usio na kazi.

Eneo hili halihitaji kufundishwa lori lililopinduka ni nini. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, kilomita kama 30 kaskazini mwa Uvira. Watu wakakusanyika kuteka mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 230 wakafa. Wengi walikuwa karibu na barabara wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Taarifa za wakati ule zilizungumzia lori lililokuwa likijaribu kupita basi. Hazikuzungumzia kutu, na haingekuwa haki kuibebesha kutu msiba huo. Lakini Sange ilionyesha kinachokuwa kando ya barabara hii: nyumba, vibanda, watoto, umati. Lori likianguka hapa haliangukii shambani.

Vita navyo vimezidisha mambo. Bukavu ilipochukuliwa na M23 Februari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na Desemba mwaka huo mapigano yakafika Uvira yenyewe. Barabara zikifungwa na mpaka wa Kavimvira ukifungwa, vipuri haviji, na gari moja linalotembea hubeba mzigo wa magari matatu. Shasi ambayo wakati wa amani ingepumzishwa, wakati wa vita hupakiwa zaidi. Anayewalaumu mafundi bila kuitaja hali hiyo hajapita Uvira karibuni.

Sheria, hata hivyo, ipo. Sheria ya barabarani ya Kongo, nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, haikuiacha hali ya gari mikononi mwa mwenyewe peke yake, na cheti cha ukaguzi wa kiufundi ni miongoni mwa hati ambazo kila dereva huulizwa kizuizini. Kasoro ni namna cheti hicho kilivyogeuka kuwa karatasi kati ya karatasi. Kinanunuliwa kama vile tiketi ya ushuru. Mkaguzi asiyeingia chini ya gari hawezi kuona shasi, na gari halikaguliwi siku ambayo shasi iko uchi, yaani siku ile ile iko garaji.

Siku hiyo ndiyo inayotakiwa kutumiwa. Meya wa mji na idara ya uchukuzi ya jimbo wangeweza kuweka sharti moja dogo: gari kubwa lolote lililochomelewa shasi lisipigwe rangi mahali pa kiungo kabla ya kuangaliwa na mtu wa pili, asiye fundi aliyeifanya kazi. Haihitaji maabara. Inahitaji tochi, brashi ya waya, nyundo, na mtu anayejua ufa unavyofanana. Jina la garaji na tarehe viandikwe kwenye daftari, na chuma cha kiraka kitajwe kilikuwa nini. Fundi atakayeambiwa aandike “nondo” mbele ya mteja wake atasita, na mteja naye atasita.

Litakuja pingamizi la haraka, nalo lina msingi: kila ukaguzi mpya Kongo huwa mfuko mpya. Wenye magari wa Uvira tayari wanalipa ushuru wa barabara, wanalipa vizuizi vilivyo halali na visivyo halali, na wanachangia matengenezo ya barabara kwenye kila lita ya mafuta kupitia FONER bila kuona barabara yenyewe. Wakiongezewa mtu mwingine wa kushika mkono, watapaka rangi usiku. Ndiyo sababu ukaguzi huo usikabidhiwe polisi wa barabarani. Chama cha madereva, ACCO, kina maslahi ya moja kwa moja, kwani anayekaa nyuma ya usukani ni mwanachama wake. Mafundi wenyewe wakijiunga katika kata zao wanaweza kuteua wazee watatu au wanne wanaoheshimika, wakawa wanazunguka. Garaji hazina siri kati yao. Kila sudere anajua ni nani anayefunga vizuri na ni nani anayefunika.

Wapo watakaosema wazee hao hawana vyeti. Ni kweli kwamba wengi walijifunza kwa kushika taa ya bosi wao. Uvira ilikuwa na shule nyingine ya ufundi isiyoitwa shule: kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichosimama na vita ya mwaka 1996. Kiwanda cha sukari hakiendi bila karakana, na kilipokufa mji ulipoteza zaidi ya sukari. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, ingeweza kujaza pengo hilo kwa kuwafuata mafundi walipo badala ya kuwangoja darasani. Majirani wamekwisha kuonyesha njia. Tanzania, kupitia VETA, huwapima mafundi waliojifunzia mtaani na kuwapa vyeti vya ujuzi walio nao tayari. Kenya ina mitihani ya ufundi ya NITA ambayo mtu wa jua kali huweza kuifanya bila kupita sekondari. Fundi wa Songo aliyechomelea shasi kwa miaka 20 hahitaji kufundishwa kuwasha bageti. Anahitaji mtu amweleze kwa nini kiraka cha mraba huvunjika pembeni, ampe karatasi inayosema anajua, na ampe nguvu ya kumkatalia mwenye gari.

Nguvu hiyo ya kukataa ndiyo inayokosekana zaidi. Leo fundi akisema kazi itachukua siku tatu, mwenye gari anavuka barabara na kumpata atakayesema saa tano. Wa pili anakula, wa kwanza anabaki na maneno yake mazuri. Sharti likiwa moja kwa garaji zote, ushindani huo unapoteza sehemu ya makali yake. Halitamaliza umaskini, wala halitaleta vipuri kutoka ng’ambo ya mpaka uliofungwa. Litafanya tu kwamba anayetaka kufunika aone ugumu kidogo.

Kwa wenye magari yapo mambo yasiyongoja meya wala jimbo. Kuosha shasi kwa maji safi baada ya mzigo wa chumvi au wa samaki. Kutoboa au kuzibua matundu ya kutolea maji yaliyozibwa na tope. Kuingiza mafuta machafu ya injini ndani ya mihimili ilivyo desturi ya madereva wa zamani, au bora zaidi grisi, kabla ya msimu wa mvua, mbali na breki na mipira. Kutopakia tani 15 juu ya gari la tani 10, halafu kumlaumu sudere. Na gari likiwa garaji, kuja kuliangalia mapema. Kwa kawaida mwenye gari hufika jioni, kuchukua ufunguo, rangi ikiwa imekwisha kukauka. Afike saa nne asubuhi, avue koti, alale kwenye ile katoni kando ya fundi, na aiombe nyundo.